Gurudumu Lisiache Jiwe

Mtu akiamua kwamba pikapu yake sasa ianze kupanda mawe, swali analompelekea fundi karibu kila mara ni moja: tuinue inchi ngapi? Fundi hujibu kwa inchi, muuza vipuri huuza kwa inchi, na siku gari linapotoka gereji watu hulisifu kwa jinsi linavyosimama juu ya mengine kwenye maegesho. Hoja yangu ni kwamba swali hilo ndilo linaloharibu kazi tangu mwanzo. Kwenye mawe pikapu hukwama mara nyingi kwa sababu gurudumu moja la mbele limeacha ardhi na linazunguka hewani, huku uzito wote umelalia upande mwingine. Kimo hakiliponyi tatizo hilo, na kikipatikana kwa njia rahisi hulizidisha. Mwenye gari angeanza na swali jingine: gurudumu langu la mbele linaweza kushuka kiasi gani huku bado likibeba uzito? Akishalijibu hilo kwa kupima, mambo mengine yote, springi, shokapu, mikono na hata matairi, yanapata mahali pake na bei yake.

Tuelewane kwanza kazi yenyewe. Kupanda mawe ni mwendo wa mtembea kwa miguu, mara nyingi polepole kuliko huo. Ni vipande vya mawe ya volkano kwenye njia za kaskazini mwa Kenya kuelekea Ziwa Turkana, lava iliyoganda pembezoni mwa Goma, mabonde ya milima ya Hajar kule Oman ambako pikapu ya Land Cruiser ni chombo cha kila siku. Kila gurudumu linakuwa kwenye kimo chake: moja limepanda jiwe, la pili limo shimoni, na mawili ya nyuma yana habari zao. Mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza Kenya mwaka 1989 kuchangia uzio wa milima ya Aberdare, yanaonyesha vizuri tofauti ya kazi hii na mbio. Madereva hupewa vituo 13 na saa 10, na anayeshinda ni aliyevifikia vyote kwa umbali mfupi kuliko wenzake, wala si aliyekimbia zaidi. Gari linalofaa mchezo kama huo ni lile linaloweza kujikunja juu ya ardhi iliyovunjika bila kupoteza mshiko.

Mshiko nao hautoki kwenye mpira wa tairi peke yake. Unatokana na uzito unaoukandamiza mpira huo kwenye jiwe. Tairi bora kuliko yote duniani likining'inia hewani linashika sifuri. Baya zaidi, difu ya kawaida hugawa nguvu sawasawa kwa magurudumu mawili ya ekseli moja, kwa hiyo gurudumu linapozunguka bure, mwenzake aliye juu ya jiwe hupata kiasi kilekile kidogo kinachotosha kulizungusha lile la hewani. Ndiyo maana unaliona gari zima limesimama huku tairi moja linavuma kama feni. Chanzo cha aibu hiyo ni gurudumu kushindwa kufika chini.

Hapa ndipo hesabu inapohitajika, na ni hesabu ya mtoto wa shule. Chukua pikapu ambayo gurudumu lake la mbele lina mwendo wa milimita 200 kutoka lilipobanwa kabisa hadi lilipoachiwa kabisa. Gari likisimama tambarare, tuseme lina milimita 100 za kupanda na 100 za kushuka. Sasa weka spesa inayobana springi ili mbele isimame juu kwa milimita 50, bila kubadilisha kitu kingine. Mwendo wote umebaki milimita 200, maana urefu wa mikono na wa shokapu haukuguswa. Kilichobadilika ni mgawo: una 150 za kupanda na 50 za kushuka. Shimo la milimita 80 ambalo jana gurudumu lilifika chini yake, leo linaning'inia. Wenye pikapu za zamani zaidi zenye springi za fimbo ya msokoto, zile ambazo fundi hukaza bolti moja mbele ikapanda kwa nusu saa, wanapata matokeo hayohayo bure, na wanashangaa kwa nini gari limekuwa gumu kana kwamba springi zimebadilishwa. Fimbo ni ileile. Gurudumu tu limesogezwa karibu na mwisho wake wa chini, na kila shimo linaligongesha kwenye kikomo.

Kuna spesa ya aina ya pili, inayowekwa juu ya shokapu na kuisukuma yote chini. Hii ina hila zaidi, kwa sababu inaongeza kweli kiasi ambacho gurudumu linashuka. Lakini inaongeza kwa kuvitoa viungo nje ya mipaka waliyoipanga watengenezaji: boljointi ya juu inafika mwisho wa mzunguko wake, sivijointi inafanya kazi ikiwa imepinda mno, na gurudumu likipanda sana shokapu inaweza kugota ndani kabla stopa ya mpira haijafanya kazi yake. Anayesema kwamba spesa zake hazijamletea shida kwa miaka mitatu huenda anasema kweli, na huenda pia kwa miaka hiyo mitatu amekuwa akiendesha kwenye barabara ya vumbi. Kwa kubeba mzigo na kukwepa madimbwi, spesa ya milimita 25 ni suluhisho la haki. Kwa mawe, ni kununua kimo kwa kuuza kile ulichokihitaji.

Springi ngumu zinaleta hasara kwa njia nyingine, na hii nadhani ndiyo isiyosemwa vya kutosha. Tuseme gurudumu moja la mbele linabeba kilo 550 gari likiwa limetulia, jambo la kawaida kwa pikapu ya milango minne yenye uzito wa takriban tani 2. Kama springi yake, ikipimwa pale gurudumuni, ni ya kilo 3 kwa kila milimita, gurudumu likishuka milimita 100 shimoni litakuwa limepoteza kilo 300, na zimebaki 250 za kulikandamiza chini. Badilisha uweke springi ya kilo 5 kwa milimita. Mshuko uleule wa milimita 100 unakula kilo 500, zinabaki 50. Magari yote mawili, ukiyatazama kwa macho, yana gurudumu linalogusa ardhi. Moja linavuta, jingine linagusa kwa adabu tu. Kwa hiyo katika springi za kupanda mawe tafuta laini kuliko zote zinazoweza kubeba uzito wako halisi bila kulala.

Uzito halisi ni neno la kuzingatia, kwa sababu watu hukosea pande zote mbili. Bampa ya chuma na winchi pamoja vinaweza kufika kilo 100. Kwa kuwa vinakaa mbele ya ekseli, vinafanya kazi kama mtu aliyekalia ncha ya ubao. Pikapu ya Hilux ya milango minne ina milimita 3,085 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Uzito wa kilo 100 uliowekwa milimita 700 mbele ya ekseli unaongeza karibu kilo 123 kwenye magurudumu ya mbele na kuyapunguzia ya nyuma kilo 23. Kwa springi zile za kilo 3 kila upande, mbele inazama milimita 20 hivi. Hilo linahitaji springi zilizopangiwa uzito huo, na wauzaji makini huziuza kwa madaraja ya uzito: bila bampa, na bampa, na bampa pamoja na winchi. Ila kuna wanaonunua daraja zito leo kwa matumaini ya winchi watakayoifunga mwakani. Hao wanatembea mwaka mzima na mbele iliyoinuka, ngumu, isiyoshuka. Nunua springi za gari ulilonalo, na kama una nafasi pitisha gari kwenye mizani kwanza, ekseli moja moja, likiwa na tangi lililojaa na vifaa unavyosafiri navyo.

Wenye springi za pleti mbele, kama Hilux za zamani zenye ekseli nzima ambazo bado zinafanya kazi vijijini kote kwetu, wana jaribu lao: kwenda kwa fundi springi akaongeze pleti mbili. Kwa lori la mchanga ni dawa sahihi. Kwa mawe, kila pleti unayoongeza inapunguza uwezo wa springi kujikunja, na msuguano kati ya pleti na pleti unaongezeka, hasa vumbi na kutu vikishaingia. Afadhali seti yenye pleti nyingi nyembamba na ndefu kuliko chache nene, iliyopakwa grisi, na shakeli zenye bushi nzima. Kurefusha shakeli ili kupata kimo nako kuna malipo yake, kwa sababu kunazungusha ekseli na kubadilisha pembe ya usukani. Nitalirudia jambo hilo.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba pikapu zote ni moja, na sivyo. Mbele kuna mifumo miwili mikubwa. Wa kwanza ni ekseli nzima: bomba moja la chuma toka gurudumu hadi gurudumu, difu ndani yake. Pikapu ya Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ulioanza mwaka 1984, imebaki nayo hadi leo. Mwaka 1999 mbele yake ilihama kutoka springi za pleti kwenda za koili, lakini ilibaki ekseli nzima. Wa pili ni wa magurudumu yanayojitegemea, ambapo difu imefungwa kwenye chasisi na kila gurudumu lina mikono yake miwili na ekseli fupi yenye sivijointi. Hilux zinazotoka kiwandani sasa, tangu kizazi cha 2005 kinachoitwa Vigo na kile cha 2015 kinachoitwa Revo, ziko hivyo. Marekani Toyota ilifanya mabadiliko hayo mapema, kwa pikapu za 1986, na wapanda mawe wa huko wamekuwa wakiyajadili tangu wakati huo.

Sababu ya mjadala ni ya kimaumbile. Ekseli nzima ni kama pembea ya watoto: jiwe likiinua gurudumu la kushoto, ekseli inalisukuma la kulia chini, palepale penye shimo. Tena difu inapanda pamoja na gurudumu lililopanda, kwa hiyo nafasi chini yake haipotei. Kwenye mfumo wa kujitegemea, gurudumu la kushoto likipanda, la kulia halina habari. Linashushwa na springi yake peke yake. Na springi zinapobanwa chasisi inashuka, nayo difu inashuka pamoja nayo kuelekea jiwe. Lakini kuna faida moja ambayo wapenzi wa ekseli nzima husahau kuitaja: ukiinua gari la kujitegemea kwa milimita 40, difu nayo inainuka milimita 40. Kwenye ekseli nzima, springi ndefu zinainua bodi na chasisi, ila difu inabaki pale ilipokuwa. Kinachoiinua ni tairi kubwa tu, na kwa nusu ya ongezeko: tairi lenye kipenyo cha inchi 33 badala ya 31 linainua difu kwa inchi 1.

Je, viwanda vinavyotengeneza magari ya mawe vimeamua vipi? Jeep Wrangler ya toleo la Rubicon, iliyopewa jina la njia maarufu ya mawe huko California, imeshikilia ekseli nzima mbele na nyuma, na katika kizazi cha 2007 ilipewa swichi inayoachanisha stabilaiza ya mbele ili magurudumu yapate kushuka kwa uhuru. Ford waliporudisha Bronco mwaka 2021 walichagua mbele inayojitegemea, lakini nao wakaweka stabilaiza inayoachana kwenye toleo la mawe. Ukiyatazama magari haya mawili pamoja, utaona wahandisi wa kampuni hasimu wametofautiana juu ya ekseli na wakakubaliana juu ya jambo moja: fimbo inayoyafunga magurudumu ya mbele yasishuke peke yake lazima ifunguliwe kabla ya kuingia kwenye mawe. Kwa mwenye pikapu ya kawaida, kuna linki za stabilaiza zinazofunguliwa kwa pini, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na seti ya springi. Zifungue mwanzo wa mawe, uifunge fimbo juu isigongane na taieredi, na uzirudishe kabla ya kuingia lami. Hilo la mwisho sikubali mjadala juu yake. Pikapu isiyo na stabilaiza ikikwepa mbuzi kwa kilomita 90 kwa saa inaweza kupinduka.

Kwa mwenye Hilux ya kisasa, basi, mpango ninaoupendekeza ni wa kiasi. Springi zinazolingana na uzito, zikiinua milimita 40 hadi 50 na zisivuke hapo, pamoja na shokapu ndefu zilizotengenezwa kwa kimo hicho, ili ule mwendo wa kushuka ambao spesa ingeula urudishwe. Mikono ya juu ya kubadilisha, yenye boljointi inayoruhusu pembe kubwa zaidi, ndiyo sehemu ya pili ya kazi hiyohiyo, ingawa wengi huiahirisha kwa sababu ya bei. Bila hiyo, shokapu ndefu inalazimisha boljointi ya zamani kufanya kazi isiyokuwa yake, na fundi wa alaimenti anakosa nafasi ya kurudisha pembe za magurudumu. Zaidi ya milimita 50, sivijointi zinaanza kudai: mpira unaozifunika unajikunja mpaka unasuguana, unapasuka, grisi inatoka, vumbi linaingia, na siku ya kupanda jiwe usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, jointi inavunjika. Kwa hilo huuzwa spesa za kushusha difu ili ekseli fupi zinyooke. Fikiria kinachofanyika hapo: umelipa fedha kuinua difu, kisha umelipa tena kuishusha. Fedha hizo zingenunua bamba nene la chuma la kukinga difu na usukani chini.

Kwenye Land Cruiser na jamaa zake wa ekseli nzima, deni la kuinua linalipwa penginepo, kwenye pembe. Mikono inayoishika ekseli ya mbele imefungwa kwenye chasisi kwa nyuma. Bodi ikipanda, mikono inainama na ekseli inajizungusha nayo. Mkono wa urefu wa mita 1 ukiinamishwa milimita 50 unageuka karibu digrii 3. Pembe inayopotea hapo ni kasta, ile inayofanya usukani urudi wenyewe katikati baada ya kona. Gari likishaipoteza linatangatanga barabarani, na likikutana na shimo kwa kasi mbele inaweza kuanza kutetemeka kwa nguvu kiasi cha kumtisha dereva. Tiba ni bushi zilizotobolewa pembeni au mabati ya kurekebisha mikono. Kuongeza shokapu ya usukani kubwa zaidi kunaficha mtetemo tu, na kisichoonekana hakitatengenezwa. Vivyo hivyo fimbo ya Panhard, inayoizuia ekseli isiende kushoto na kulia: gari likiinuka, inavuta ekseli pembeni, na ya kurekebishwa urefu ndiyo inayoirudisha katikati.

Juu ya shokapu nina neno fupi. Soko limejaa shokapu zenye matangi ya nje ya mafuta, zinazofaa mbio za jangwani kama zile za Baja huko Mexico, ambako gari linaruka matuta kwa saa nyingi na mafuta yanachemka. Kwenye mawe shokapu husogea polepole, na joto si adui. Kinachohitajika ni urefu sahihi ukifunguka na ukifunga, na ulaini unapoanza kusogea ili gurudumu lishuke upesi kulifuata jiwe. Shokapu nzuri ya kawaida yenye gesi inatosha, na tofauti ya bei ipeleke kwenye matairi.

Maana ukweli ni kwamba matairi na upepo wake ni sehemu ya kazi ya springi. Tairi lililopunguzwa upepo hadi kati ya psi 18 na 20 linalifunika jiwe badala ya kulidunda, na linameza milimita kadhaa ambazo springi isingeziwahi. Kwa rimu za kawaida usishuke chini ya psi 15, tairi lisije likatoka kwenye rimu, na usiondoke nyumbani bila kompresa ya kurudishia. Sikushauri kukimbilia kipenyo kikubwa. Kutoka inchi 31 kwenda 33 ni ongezeko la asilimia 6.5 kwenye gia zako zote, na gari linalotakiwa kutambaa linakwenda kasi zaidi kwa mzunguko uleule wa injini. Dereva anabaki kucheza na klachi mahali ambapo gia nzito peke yake ingetosha.

Msomaji makini atauliza: kwa nini nisifunge difu loki tu, niachane na haya yote? Ni pingamizi la haki, na sehemu kubwa nalikubali. Difu loki ya nyuma, ambayo pikapu nyingi zinakuja nayo kiwandani, itakuvusha mahali ambapo springi nzuri na difu huru zisingekuvusha. Kama huna, inunue kabla ya kitu kingine chochote cha kuinua. Lakini loki haiondoi hitaji la gurudumu kufika chini. Gari lenye magurudumu mawili hewani linayumba, linaegemea upande wa bonde, kisha linaanguka kwa kishindo uzito unapohama. Na loki ya mbele inapeleka nguvu yote kwenye gurudumu moja lenye mshiko. Kwenye Hilux iliyoinuliwa kupita kiasi, nguvu hiyo inaikuta sivijointi iliyopinda. Watu huilaumu loki kwa jointi iliyovunjwa na spesa.

Pingamizi la pili ni la wale wanaosema mbele inayojitegemea haifai, ikatwe, iwekwe ekseli nzima. Kazi hiyo inafanyika, na Marekani imekuwa fani kamili. Lakini hesabu kilichomo: mabano ya kuchomea kwenye chasisi, usukani wa mfumo mwingine, propela mpya, paipu za breki, waya za ABS, na kampuni ya bima itakayouliza gari hili ni lipi. Chomeo moja baya kwenye bano la usukani ni hatari kwa watu wasiojua hata kwamba gari limebadilishwa. Kama kweli mawe yako yanadai ekseli nzima, uza pikapu uliyonayo ununue iliyozaliwa nayo. Zipo, vipuri vyake vipo hadi wilayani, na fundi yeyote anazijua. Na anayetolea mfano magari marefu ya mashindano akumbuke kwamba mengi huletwa uwanjani juu ya lori. Hayapeleki watoto shule Jumatatu.

Kabla ya kununua chochote, fanya kipimo ambacho hakihitaji zaidi ya futi kamba, jeki na magogo imara. Kwenye sakafu tambarare, breki ya mkono ikiwa imefungwa na magurudumu ya nyuma yamewekewa kabari, pandisha gurudumu moja la mbele kidogo kidogo juu ya magogo mpaka lolote kati ya mengine matatu lianze kuacha sakafu. Andika kimo hicho. Mtu yeyote asiingie chini ya gari likiwa hivyo. Ukisimama pembeni na tochi, angalia gurudumu lililoshuka: mpira wa breki umevutika? Linki ya stabilaiza imefika mwisho? Kwa upande uliopanda, tairi linagusa fenda, au shokapu imegota kabla ya stopa? Jibu la maswali hayo ndilo orodha yako ya manunuzi. Mara nyingi litakuonyesha kwamba kinachozuia gurudumu ni bushi iliyokufa, linki ya stabilaiza, au shokapu fupi, na kwamba bei ya kukirekebisha ni sehemu ndogo ya ulichokuwa umejiandaa kutumia. Rudia kipimo hichohicho baada ya kazi. Kama gari limepanda milimita 50 na namba yako haikuongezeka, umenunua kimo.

Siku ya kufunga, msimamie fundi kwenye jambo moja ambalo gereji nyingi hulikosea kwa haraka. Bushi za mpira za mikono zimebanwa katikati ya bolti; mkono unapopanda na kushuka, mpira wenyewe ndio unaojisokota. Bolti zikikazwa gari likiwa juu ya jeki na magurudumu yananing'inia, mpira unafungwa ukiwa katika mkao wa chini kabisa, na gari likishushwa unabaki umesokotwa saa 24. Utapasuka baada ya miezi michache, na utaambiwa springi mpya ndizo mbaya. Zikazwe kwa mkono tu juu ya jeki, gari lishushwe, lisukumwe mbele na nyuma hatua chache na kubonyezwa ili likae, kisha zikazwe kwa kiwango cha kiwanda likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Baada ya hapo alaimenti, halafu kilomita 500 za kawaida, na spana irudi kwenye kila bolti iliyofunguliwa kabla ya jiwe la kwanza.